Ziwa Letu Lilivyoivuta Afrika

Ujerumani,
Jumapili alasiri, mwezi wa Machi.

Kwako Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, jinsi unavyopenda kusalimiwa. Goti linaendeleaje? Na kifua, bado kinakubana asubuhi ukiwasha jiko? Yule kuku wa shingo tupu bado anataga chini ya kitanda chako na kujifanya hajui? Mimi ni mzima. Baridi imepungua, nimeacha kuvaa soksi mbili mbili. Nakula vizuri. Kaka Mwaura akikuambia nimekonda usimwamini, ni simu yake inayorefusha watu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwa simu kila wiki. Nina sababu mbili. Ya kwanza, uliniuliza kazi yangu mpya ni ya nini hasa, kwamba kanisani wanakuuliza na unakosa la kuwajibu. Nilipoanza kueleza mtandao ukakatika, na uliporudi wewe ulikuwa umeshahamia habari za harusi ya binti wa katekista. Ya pili nitaifikia. Kwa simu, Mama, nikianza jambo refu wewe hunikatiza: "Haya, umekula?" Karatasi haikatizwi. Nimeituma kwa sanduku la Mwaura huko Njoro ili akuletee mkononi, na nimemwambia akae hapo na wewe mpaka umalize. Miwani yako iko juu ya redio.

Unakumbuka kazi ya kuwatunza wazee iliisha yule bibi alipohamia kwa mtoto wake. Katika darasa la lugha nilikuwa nakaa karibu na Idrissa, kijana wa Senegal mwenye mdomo mwingi. Ndiye aliyeniambia kwamba kule anakofanya kazi wanatafuta mtu mwenye macho makali na subira. Digrii si lazima, ila awe ameijua ardhi ya Afrika kidogo. Nikaenda. Walinionyesha picha mbili za kisiwa kimoja, niseme ni ipi imesogea. Nikasema ya kushoto. Wakanionyesha nyingine, na nyingine. Mama, mtihani ule uliupita wewe. Nani alinifundisha kuliona waridi lililopinda shingo katikati ya shada zima, enzi zile ulipokuwa ukinichukua wakati wa likizo kupanga maua kwenye shamba ulilofanyia kazi?

Sasa nikueleze kazi yenyewe, na uniwie radhi nikienda polepole. Unajua mimi napenda kila kitu kwa mpangilio.

Kuna setilaiti ya hali ya hewa iliyo juu ya ikweta, magharibi ya kwetu, mbali karibu kilomita elfu thelathini na sita. Watu husema imesimama. Haijasimama. Inazunguka pamoja na dunia kwa mwendo uleule, kama watu wawili waliobeba gunia moja na kutembea: wakitazamana, hakuna anayemwona mwenzake akienda. Kwa hivyo inaitazama Afrika siku zote, mchana na usiku, na baada ya kila dakika chache inaleta picha. Picha hizo ndizo wanaotabiri mvua wanazitumia, hata wale wa Nairobi unaowatukana kila msimu wa kupanda.

Siku ya kwanza waliniketisha mbele ya skrini, wakafungua picha moja nzima. Unajua naandika daftari langu kila jioni, tarehe kwanza halafu mambo ya siku. Siku hiyo, chini ya tarehe, niliandika maneno mawili tu: "Nimeiona dunia."

Ni mviringo, Mama. Pembeni kote ni giza, giza ambalo halina mwisho, na katikati kuna hiki kitu kimoja chenye mwanga. Afrika imekijaza. Jangwa limekaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, Kongo imefunikwa mawingu kama ufuta uliomwagwa, na Kenya iko kule kulia, imelala kidogo, kama maandishi yaliyo ubavuni mwa chungu. Walinionyesha picha za alfajiri zikifuatana. Mwanga unaingia kutoka kulia. Unagusa Somalia, unagusa pwani yetu, halafu unapanda Bonde la Ufa. Niliiona asubuhi yenu ikifika. Nikatazama saa, nikajua kwamba katika nukta ile moja ya rangi ya majani makavu wewe umeamka na unamwagia kuku maji. Nililia kidogo. Idrissa akaniambia, "Usijali, dada, hata mimi nililia. Halafu wakaniambia nifanye kazi."

Msimamizi wetu anaitwa Annette. Ana umri kama wako, ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na mara nyingi anatembea ofisini akiutafuta wa tatu. Siku hiyo alisimama nyuma yangu akaacha nishangae mpaka nimalize, halafu akaniuliza, "Ni nzuri?"

Nikasema, "Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Vizuri. Sasa niambie iko wapi."

Sikuelewa. Nikasema ni dunia, iko pale.

"Hapana," akasema. "Hili wingu hapa. Liko juu ya kijiji gani?"

Hapo ndipo kazi yangu inaanzia. Ile setilaiti haitulii. Jua likiichoma ubavu mmoja, chuma kinavimba kidogo. Ndani yake kuna magurudumu madogo yanayozunguka kuisaidia isipinduke, na hayo nayo yanaitetemesha. Wewe chukua tochi usimame mbele ya nyumba uilenge Longonot, halafu utikise kifundo cha mkono kidogo tu. Mwanga umeshahama kilima. Sasa fikiria umbali ule niliokutajia. Ikitikisa kichwa kidogo kuliko upana wa unywele, huku chini picha yote inahama kwa kilomita. Wingu lililo juu ya Mau linaandikwa kana kwamba liko Elementaita. Onyo la mvua ya mawe linapelekewa watu wenye jua, na wale ambao ngano yao itapigwa hawaambiwi kitu.

Kwa hivyo kila picha ikifika lazima iulizwe iko wapi. Na inajibu vipi? Inajibu kwa ukingo wa maji. Hilo ndilo jambo nililolifikiria siku nzima. Mashine hii yote, na akili zote za watu walioitengeneza, mwisho wake inafanya kile tulichokuwa tukifanya sisi tukipotea kule chini kwenye mafunjo: inatafuta mahali maji yanapokutana na nchi kavu. Rasi za bahari, visiwa vya Turkana, mikono ya ziwa Victoria. Kila mojawapo ina mstari wake uliochorwa kutoka kwenye ramani. Kompyuta inaulaza mstari juu ya picha, inausogeza huku na huku mpaka ukae, halafu inajua imepotea kiasi gani na inairudisha picha mahali pake. Pakiwa na wingu, au mstari ukikataa kukaa, inatuuliza sisi. Sisi tunatazama kwa macho, tunasogeza kidogo kidogo, tunasema: hapa. Kazi ndiyo hiyo. Kanisani waambie binti yako anaifundisha setilaiti mahali ilipo.

Sasa nakuja kwa ile sababu ya pili. Mama, usiruke ukurasa.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, ilifika picha ya mchana bila wingu hata moja katika Bonde la Ufa. Kompyuta ikasimama ikauliza kuhusu ziwa moja dogo. Nilipofungua nililitambua kabla ya kusoma jina. Naivasha! Nikapiga kelele ofisini.

"Idrissa! Njoo uone kwetu!"

Akaja na kikombe chake cha chai. "Hiyo nukta nyeusi?"

"Hiyo nukta nyeusi ndiyo iliyonilea."

"Sisi Dakar tuna bahari nzima, hata hatusemi. Wewe unapigia kelele kidimbwi."

"Kidimbwi chenu hakina viboko."

"Kina meli," akasema, akaenda zake akicheka.

Kompyuta ilikuwa na shaka kwa sababu mstari haukukaa. Ukikaa upande wa magharibi, upande wa mashariki unakataa. Nilipaswa kutazama pande zote, kwa utaratibu, jinsi nilivyofundishwa. Badala yake macho yangu yalikwenda upande mmoja tu, Mama. Yalikwenda kwetu Karagita. Nilisema moyoni, kama kuna ufuo mmoja duniani ninaoujua, ni huu. Hapa ndipo tulipofulia. Hapa ndipo ulipolima mboga zako, sukuma na managu, nyuma ya maji, kila yaliporudi chini mkayafuata na vijiti vyenu vya mipaka, wewe na Mama Akinyi mkigombania hatua moja ya tope. Nikaushika mstari, nikaulaza juu ya ukingo wa Karagita, nikaandika: hapa, nina hakika.

Na hakika hiyo nilikuwa nimeipata kwako. Jumapili ya kabla yake nilikuuliza, "Mama, maji yako wapi siku hizi?" Ukasema, "Yamerudi nyuma kabisa, hata nimepanda sukuma." Nikasikia sauti nyuma yako, kama mtu anayekoroma ndani ya pipa. Nikauliza ni nini. Ukasema ni ng'ombe wa jirani, ana kikohozi.

Keshoyake Annette alikuja na miwani yote miwili machoni.

"Nani ameligusa hili ziwa?"

"Mimi."

"Basi ziwa lako linaivuta Afrika yote magharibi."

Ofisi nzima ikacheka, hata mimi. Lakini alikuwa anasema kweli. Alinifungulia mahali pengine pa picha ileile. Pwani ya Somalia ilikuwa imeuacha mstari wake kidogo. Visiwa vya Turkana vimeuacha. Victoria limeuacha. Vyote vimeegemea upande mmoja, kwa kiasi kilekile. Si sana, si hata nukta nzima, lakini nukta moja ya picha ile ni kama kilomita moja ya nchi yenye watu ndani yake. Naivasha peke yake ndilo lililokaa sawa, kwa sababu mimi nililikalisha kwa nguvu.

"Kuna mambo mawili," Annette akasema. "Ama bara lote limehama tangu Jumatatu, ama ni wewe."

Idrissa akaanza kuniita Mvuta-bara. Mpaka leo akinifungulia mlango anasema, "Taratibu, usije ukausukuma mji."

Lakini mimi nilikataa. Unanijua nikishika jambo. Nilimwambia Annette, "Mimi nimezaliwa pale. Huo ndio ufuo. Maji yamerudi nyuma, mama yangu ameniambia kwa mdomo wake."

Hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Alikuambia lini?"

"Jumapili."

Akavuta kiti akakaa. Akaniambia kwamba maziwa yetu, Naivasha, Nakuru, Baringo na mengine, yamekuwa kwenye orodha yake ya mashaka kwa muda mrefu. Mistari yake ilichorwa zamani, na maji yamepanda tangu hapo. Alikuwa akingoja mtu wa kuichora upya. Ufuo wa bahari wenye mawe hauna shida, akasema, lakini ziwa la bonde linapumua. Akaomba picha nyingine, iliyopigwa na setilaiti ya aina nyingine, ile inayopita karibu na kuona mpaka paa la nyumba. Ilipofika akanipa kalamu ya kompyuta. "Wewe ndiwe unayelijua. Lichore. Fuata maji, usifuate kumbukumbu."

Nilianza kusini, karibu na njia ya Hell's Gate, nikazunguka magharibi. Nilichora asubuhi yote. Mama, sikujua kwamba ziwa letu ni zuri hivyo. Maji ya kijani karibu na mafunjo, halafu buluu, halafu meusi. Boti za wavuvi kama punje za mchele. Vivuli vya mawingu vimelala juu ya maji, na nikajua kwamba wakati ule kuna mtu chini alihisi baridi kidogo akainua macho, na asijue kwamba kuinua kwake macho kumekutana na jicho lingine.

Nikafika mashariki. Nilitafuta kile kibanda cha pampu ya maji, pale tulipokuwa tukiota jua. Kilikuwa ndani ya ziwa. Peke yake, na maji pande zote. Migunga yote ya ukingoni imesimama majini, mikavu, ya kijivu, kama vidole. Nikaanza kuhesabu njia kutoka barabarani, ya kwanza, ya pili, nikitafuta ya kwetu. Na nikaliona paa.

Ningewezaje kulikosa? Nusu nyekundu, nusu nyeupe. Nyekundu ni mabati ya mwaka ule ulipopandishwa kuwa msimamizi wa mstari wa wapanga maua, nyeupe ni ya miaka miwili baadaye, wakati fundi alikuambia rangi ile haipatikani tena na wewe ukasema, "Basi weka yoyote, mvua haina macho." Mwaura amekuwa akitaka kulipaka rangi moja tangu aoe, ati anaona haya. Nililitazama. Maji yameupita ua. Yamelipita shamba la sukuma, halipo. Choo kimesimama ndani ya maji mpaka mlangoni. Kati ya ziwa na kibaraza chako pamebaki pale unapoanikia mahindi, basi. Kando ya nyumba palikuwa na kitu cheupe, kirefu kidogo. Sikuweza kujua ni shuka au ni nini. Lakini nilijua umekianika asubuhi hiyo, kwamba umo ndani, na kwamba yule ng'ombe mwenye kikohozi ni kiboko.

Nilitoka nje nikampigia Mwaura.

"Niaje, sista," akasema. "Kwani leo si kazi?"

"Maji yako wapi kwa Mama?"

Nikasikia mitungi ya maziwa ikigongana nyuma yake. "Si alikuambia?"

"Mwaura, nimeyaona. Nimeuona mpaka mlango wa choo."

"Ati umeona choo kutoka huko?" Halafu sauti yake ikabadilika. "Alinikataza nisikuambie. Ati utaacha kazi urudi. Mimi nimeenda na pikapu mara mbili. Mara ya kwanza akanipikia chapati. Mara ya pili akafunga mlango na ndani. Mama Akinyi ameng'oa mabati akaondoka, mtaa mzima wa chini umeondoka. Yeye anasema litarudi, hili ziwa hutembea tu."

"Na viboko?"

"Anasema wana adabu kuliko wapangaji."

Nilicheka, Mama, huku machozi yananitoka. Nilijua ni wewe kabisa.

Nilirudi kwenye skrini. Mstari ulikuwa umesimama mahali nilipouacha, pale kibanda cha pampu. Sheria ya kazi ni moja, mstari unafuata maji. Mkono ulikataa. Ningeweza kuupitisha uani na hakuna ambaye angejua, ni upana mdogo usiofika hata sehemu ya kumi ya nukta kwenye ile picha kubwa. Idrissa alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliweka kikombe cha chai kando yangu akarudi kwenye kiti chake. Nikaupitisha mstari ndani ya ua wetu, katikati ya sukuma, nyuma ya choo, mbele ya kibaraza. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba hapa ni ziwa.

Sikiliza sasa yaliyotokea keshoyake, kwa maana hili ndilo ninalotaka ulijue kuliko yote. Picha ya asubuhi iliingia. Kompyuta ikaulaza mstari mpya juu ya Naivasha na haikuuliza kitu. Ukakaa pande zote, mashariki na magharibi. Annette akafungua Turkana: visiwa vimeingia ndani ya mistari yake. Akafungua Victoria, akafungua pwani. Kila ukingo ulikuwa umerudi mahali pake. Tuliziangalia picha za siku nzima zikifuatana kwa kasi, na nchi haikutetemeka hata kidogo. Mawingu peke yake ndiyo yaliyotembea. Bara zima limetulia, na mawingu yanapita juu yake kama kondoo juu ya kilima ambacho hakiendi popote. Nilihisi kama siku ile ya ubatizo, wakati kelele zote kanisani zinaisha ghafla.

Halafu ikafika alasiri ya kwenu. Wingu likaanza kuota juu ya Nyandarua. Lilikuwa dogo kama koliflawa, halafu likafura, likapanda, kilele chake kikapigwa na jua kikang'aa mpaka nikafumba jicho. Annette aliniambia kwamba hata wingu refu namna hiyo huonekana limeegemea kidogo, kwa sababu tunalitazama kwa kando, na hilo nalo lina hesabu yake. Akaifanya. Wewe unaijua milima ile. Mvua ikianguka upande wa pili wa mgongo, inashuka mto Tana inaenda baharini, haituhusu. Ikianguka upande huu, inaingia mto Malewa. Kwa picha iliyosogea hungeweza kusema ni upande gani. Sasa tungeweza. Lilikuwa upande huu. Niliitazama mvua inayoanguka Nyandarua, mbali na wewe, wakati wewe pengine una jua uani na unasema msimu huu ni mkavu. Na nikajua inakokwenda. Itashuka usiku na mchana, itapita chini ya daraja la Malewa, itaingia ziwani kimya, na itapanda kibaraza chako bila tone hata moja kukuangukia.

Niliwahi kufikiri kwamba anayetazama kutoka juu hivyo anajihisi mkubwa. Sivyo. Nilijiona kama yule mtoto aliyekuwa akikutazama ukienda kazini gizani, anajua njia ina matope na hana la kufanya isipokuwa kuita.

Kwa hivyo naita, Mama. Toka.

Najua ni kwa nini hutaki, na si kwa sababu ya ziwa. Ulilala kwa vyumba vya kupanga miaka yote tuliyokuwa wadogo, sisi watatu kitanda kimoja, mwenye ploti akigonga dirisha kudai kodi. Siku ulipoingia katika nyumba yako ulisema mbele yetu, "Sitalala tena kwa nyumba ya mtu." Sikuombi uivunje ahadi hiyo. Mwaura na mimi tumezungumza. Hatakupa chumba kwake. Amekupimia pembe ya shamba kule juu, upande wa ngano, penye upepo, na atakuachia geti lako mwenyewe na ufunguo wako mwenyewe. Mkewe ameshapanda managu ili yakukute. Jumamosi hii unapoisoma barua, amekuja na pikapu na fundi. Watang'oa mabati, madirisha, mlango, hata yale mawe ya kibaraza ukitaka. Nyumba itaondoka pamoja na wewe. Kitakachobaki pale ni mahali tu, na mahali pale pameshakuwa ziwa. Nimepachora mwenyewe.

Wala sitaacha kazi, usiogope hilo. Nikija, nitakuja likizo, na nitakuja Njoro.

Nisalimie mjomba wetu wa Gilgil anayeuza viazi kando ya barabara, mwambie nimekula viazi vya huku na havivifikii vyake. Msalimie mke wa kaka, na mwanawe aliyeanza shule. Mwalimu wangu wa jiografia wa kidato cha tatu, ukimkuta kanisani, mwambie ile mistari ya ramani aliyotuchapa kwa sababu yake imenipa mkate. Msalimie Mama Akinyi huko alikohamia, mwambie mpaka wetu na wake sasa uko chini ya samaki, kwa hivyo kesi imekwisha. Katekista mpongeze kwa harusi.

Na neno la mwisho ni kuhusu lile paa. Annette ameniambia kwamba picha ya Njoro itaagizwa pia, kwa ajili ya mashamba ya ngano, baada ya mvua. Mwaura akianza habari zake za rangi moja mbele ya wakwe zake, mkatalie. Ezeka vilevile ulivyoezeka, Mama, nusu nyekundu, nusu nyeupe. Nitakuwa nakutafuta.

Ni mimi binti yako,
Wanjiru